Laini ya Uani

Kiroba kilisimama nje ya geti kama mgeni anayengoja kukaribishwa, na mdomoni mwake zilichomoza ncha za waya. Mzee Nguzo aliziona akiwa bado mbali. Macho yake hayakuwa na nguvu tena kwa maandishi madogo, lakini waya angeutambua hata usingizini. Ule wa kijivu ulikuwa wa sebuleni. Ule mweupe, uliogeuka manjano kwa miaka, ulipita juu ya mlango wa jikoni. Na ule mweusi mwembamba, wa nyuzi mbili zilizosokotana, uliokatwa vipande vya urefu wa mkono ili uenee kirobani, ulikuwa laini ya uani.

Aliinama akachomoa kipande kimoja. Klipu zilikuwa bado zimeung'ang'ania, na namba aliyoiandika kwa mkono wake kwenye utepe wa kitambaa haijafutika. Aliyeukata alitumia koleo butu. Shaba ilikuwa imetafunwa.

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa kumi na dakika ishirini na tano. Mzee wa miaka sabini na sita akaangusha kile kipande, akaliacha geti wazi, akakimbia kuelekea uani.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa laini za simu. Wenzake ndio waliompa jina la Nguzo, kwa sababu alionekana zaidi juu kuliko chini. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba siku alipomwona mara ya kwanza aliona nyayo, uso ukaja baadaye. Kazi ile hakuisomea shule. Aliisoma kwenye vitabu chakavu vya ofisi, kwa mshumaa, neno moja moja, mpaka wakubwa wenye vyeti wakawa wanamwita pembeni kumuuliza.

Aliyemwingiza kazini alikuwa dada yake, aliyemzidi miaka minane. Dada alikuwa opereta. Vijana wa leo hawajui opereta ni nani. Alikuwa mtu aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu mia, kipaza sauti shingoni, akiunganisha mtu na mtu kwa mikono yake miwili. Alizijua sauti za nusu ya mji bila kuzijua sura. Ukimpigia huku unalia, alikuunganisha kwanza na daktari, wengine wakasubiri.

Maopereta wale walikuwa na desturi yao, ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha kanuni. Fundi akipelekwa peke yake kwenye laini ya mbali, ikifika saa kumi alasiri anabana simu yake ya majaribio kwenye waya na kusema neno moja: "Nipo." Opereta anajibu: "Nimekupata." Basi. Saa kumi ikipita kimya, opereta hamuulizi mkubwa yeyote. Anainuka, anatuma watu waifuate laini nguzo kwa nguzo mpaka wamwone. Waliianzisha baada ya fundi mmoja kulala siku mbili chini ya nguzo, nyonga imevunjika, huku ofisini kila mtu akidhani yuko kwao.

Na mara moja ilikuwa zamu ya Nguzo mwenyewe. Waya wa umeme uliangukia wa simu wakati wa mvua, ukamtia ganzi mkono, akabaki ananing'inia kwenye mkanda wake kama nguo iliyoanikwa. Saa kumi ikapita. Dada yake alihesabu dakika kumi, akavua kipaza sauti, akaenda kulitoa lori la ofisi bila ruhusa ya mtu. Walimfikia akiwa bado anapumua.

Sasa Dada alikuwa na miaka themanini na minne, mjane, macho yamezibika kabisa na miguu haina hamu ya safari. Aliishi kwenye chumba cha uani, hatua ishirini na tano kutoka mlango wa jikoni. Siku alipohamia, Nguzo aliokota simu mbili za kuzungusha mkono ambazo ofisi ilizitupa, akazitengeneza, akazitia betri, akavuta waya kutoka chumba kile mpaka sebuleni. Zilikuwa hazina namba za kubonyeza wala kioo. Ukizungusha mkono upande huu, upande ule unalia.

Kila siku saa kumi Nguzo alizungusha, akasema, "Nipo." Na kule uani sauti ikajibu, "Nimekupata." Baada ya hapo walizungumza nusu saa.

Mtu angeuliza, si atembee tu zile hatua ishirini na tano? Alitembea, asubuhi na jioni, akimpelekea chai. Lakini mbele ya kikombe cha chai Dada alikuwa bibi kipofu anayeelekezwa kikombe kilipo. Kwenye simu mgongo wake ulinyooka. Sauti ilirudi ile ile, safi, isiyo na haraka, ya mwanamke ambaye mji mzima ulipita mikononi mwake. Mwenye kuikata laini ile alikata kitu ambacho hakingeweza kuwekwa kwenye kiroba.

Nguzo hakuwa na ugomvi na usafi. Mwanawe, karani wa ofisi ya bima, alihamia na mkewe miaka miwili iliyopita, wakaja na televisheni pana kama mlango, spika, mashine ya kuchapisha, kompyuta mbili na chaja zisizo na idadi. Nyuma ya kabati la sebuleni pakawa utumbo mtupu. Waya ulipanda juu ya waya, ekstensheni ikachomekwa kwenye ekstensheni, vumbi likafanya kiota. Mkwewe alijikwaa pale mara mbili. Alisema haiwezekani watu wazima waishi hivi, na hapo hakukosea hata kidogo.

Lakini utumbo ule ulikuwa wao. Waya za Nguzo zilipita kwenye kona, zimenyooka, klipu kila baada ya shubiri moja, kiasi kwamba mgeni angekaa mwaka asizione. Aliomba apewe Jumamosi moja tu aupange ule wa kwao.

"Baba, usijisumbue," mwanawe alisema. "Mambo ya waya yameisha. Tunaweka ruta, kila kitu kinakwenda hewani."

"Hewani."

"Ndiyo, Baba. Kisanduku kimoja tu. Hata hutakiona."

Kumleta fundi, walichagua siku ambayo Nguzo hayupo. Alikuwa ameitwa ofisi ya pensheni, wastaafu wathibitishe kwamba wako hai. Asubuhi alimwambia Dada kwamba saa kumi atakuwa amerudi. Akakaa kwenye benchi tangu saa mbili. Zamu yake ilipofika, aliambiwa aweke kidole kwenye kioo kidogo chekundu. Kioo kikakataa. Kidole cha pili, kikakataa. Mikono iliyovuta shaba miaka thelathini na minne haikuwa na alama iliyobaki.

"Mashine haikuoni, mzee," karani alimwambia.

"Wewe je, unaniona?"

"Mimi sihesabiki."

Walimzungusha kutoka dirisha hili mpaka lile, mpaka akapatikana mkubwa wa kutia sahihi kwamba aliyesimama pale anapumua. Ndiyo maana alichelewa.

Chumba cha uani kilikuwa wazi. Kitanda kilitandikwa. Mkono wa kusikilizia wa simu ulining'inia chini ya meza, na pale ukutani waya ulipoingilia palikuwa na tundu lililozibwa kwa saruji nyeupe, bado mbichi. Fimbo ya Dada haikuwepo. Mlango mdogo wa nyuma, wa kutokea kwenye kichochoro, haukufungwa.

Nguzo aliingia nyumba kubwa akiita. Mkwewe, aliyechukua ruhusa kazini ili awasimamie fundi na mpaka rangi, alikuwa chumbani mbele ya kompyuta, masikio ameyaziba kwa vidude vyeupe visivyo na waya, anaongea na watu wa ofisini kwake. Alipomwona baba mkwe mlangoni alitabasamu, akainua kidole: dakika moja.

Nguzo hakungoja dakika hiyo.

Alimkuta Dada dukani, kwenye kona ya kichochoro, ameketishwa juu ya kreti la soda. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine hauna. Wateja wawili walikuwa wamegeuza nyuso pembeni, wanacheka chinichini. Mwenye duka, mtu mzima mpole, alikuwa ameinama mbele yake.

"Bibi, niambie tena polepole. Nipige wapi?"

"Ofisi ya simu. Waambie fundi wa laini hajaitika. Saa kumi imepita. Wasikae kuulizana, watoe gari."

"Ofisi gani, bibi? Ile ilifungwa zamani."

"Basi tuma watu wawili wenye miguu. Atakuwa juu ya nguzo."

"Dada," Nguzo alisema. "Nipo."

Bibi kizee aligeuza uso. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata kola la shati lake, akalishika. Kisha akasema, "Dakika thelathini na tano. Redio ilishasoma na habari."

"Nilicheleweshwa."

"Nilizungusha. Laini imekufa, hata pumzi haina. Nikamwita mke wa mwanao, nikaita mpaka koo likakauka. Ningekaa tu?"

"Usingekaa."

"Basi nitafutie kiatu changu."

Alirudi naye polepole, kandambili moja ameishika mkononi, na kila hatua ilimwongezea hasira. Siku nzima alikuwa amehangaika kuithibitishia serikali kwamba yu hai, na nyumbani kwake palikuwa na mtu mmoja tu aliyejali kama ni kweli. Mtu huyo wamemkatia waya, na sasa dukani anachekwa.

Jioni walikaa sebuleni. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, nyeupe, hazina kitu. Chumba kilifanana na mahali pa kungojea daktari wa meno. Kwenye rafu kisanduku kidogo kilikonyeza taa zake za kijani.

"Baba, tusamehe," mkwewe alianza. "Mimi nilidhani zile simu ni pambo. Laini za ofisi zimefungwa miaka mingapi?"

"Wewe hukujua. Saa kumi huwa uko kazini, na siku za mapumziko uko sokoni. Simsemi mtu asiyejua." Nguzo alimgeukia mwanawe. "Namsema huyu."

Mwanawe alikuwa ameweka simu yake juu ya goti, ameifunika kwa kiganja.

"Fundi alinipigia nikiwa ofisini, akauliza atoe zipi. Nikamwambia zote. Nilisahau, Baba."

"Umesahau laini uliyonishikia ngazi nikiitundika."

"Ni miaka kumi na sita, Baba."

"Miaka kumi na sita nimeizungusha kila siku katika sebule hii."

Mkwewe alikuwa mtu wa kusema linalomkaa moyoni, na akalisema. "Mimi kinachonitisha si waya. Shangazi katoka peke yake mpaka kichochoroni, haoni, anamwambia mwenye duka atume watu wakamshushe fundi kwenye nguzo. Nguzo zenyewe ziling'olewa. Huyo si wa kuachwa peke yake, Baba. Kichwa kimeanza kuchoka."

"Leo katika nyumba hii," Nguzo alisema, "kichwa kilichofanya kazi ni hicho kimoja."

Alitaka kueleza zaidi. Alitaka kuwaambia kuhusu fundi aliyelala siku mbili na nyonga imevunjika, na lori lililotolewa bila ruhusa. Lakini mtu mwenye hasira maneno humkimbia anapoyahitaji zaidi, na wao walishakubaliana jambo lao. Wataweka kamera kwenye chumba cha Shangazi. Ndogo tu, ukubwa wa yai. Yeyote atakayetaka kumwona atamwona kwenye simu yake, popote alipo, hata akiwa kazini.

"Na yeye akitaka mtu?" Nguzo aliuliza.

"Tutakuwa tunamwona, Baba."

Siku ile nyumba ilikula chakula kila mtu chumbani kwake. Zamani televisheni ilikuwa na waya na waya ulikuwa na mahali pake, kwa hiyo aliyetaka kutazama alikuja sebuleni, akakuta wengine, wakagombana, wakacheka. Sasa kila chumba kilikuwa na sebule yake. Mkwewe alipomaliza kupika alituma ujumbe kwa simu kwamba chakula tayari. Nguzo hakuwa na simu ya kupokea ujumbe wa namna ile. Alikaa anatazama taa za kijani mpaka harufu ilipompa habari.

Asubuhi iliyofuata, siku ya mapumziko, alikuja fundi wa intaneti kufunga kamera. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, fulana ya kampuni, begi la zana mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetafuna waya wangu?"

Fundi alimtazama mwana wa mzee, akamtazama na mkewe. "Niliukata, mzee. Niliambiwa haufanyi kazi."

"Uliusikiliza kwanza?"

"Nisikilize nini?"

"Waya haukatwi kabla ya kusikilizwa. Unabana simu yako ya majaribio, unasikiliza. Huenda kuna mtu anaongea. Huenda mtu anaomba daktari. Ukisikia kimya, unaita, unauliza kama kuna mtu. Ndipo unakata. Hukufundishwa?"

"Siku hizi tunaangalia kwenye skrini, mzee."

"Na skrini ilikwambia nini?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Haikuniambia kitu," alisema.

"Haya."

Walikwenda uani wote. Fundi aliisogeza simu yake huku na huku chumbani, akaiinua juu, akaishusha, akatikisa kichwa. Ukuta mnene, alisema, dirisha lina wavu wa chuma, juu mabati. Mtandao haufiki.

"Kwa hiyo?" mwanawe aliuliza.

"Kwa hiyo tupitishe waya. Kutoka kwenye ruta mpaka hapa."

"Waya," alisema Nguzo.

"Mmoja tu, mzee."

Nguzo alicheka, mara ya kwanza tangu waya zikatwe, kicheko kikavu kama kikohozi. Kisha akalisema lile moja alilolitaka. "Ukipitisha huo, pitisha na wangu pembeni yake. Tundu ni lile lile. Simu zote mbili ninazo."

"Hilo halina shida hata kidogo," fundi alisema. "Ni kazi ya nusu saa."

Mkwewe aliangalia chini. "Baba, wa kamera utapita nje, chini ya paa, na kuingilia nyuma ya rafu. Hautaonekana. Wako unataka kuingia mpaka pale sebuleni, upite ukutani. Rangi haijakauka vizuri."

Nguzo alimtazama mwanawe. Jambo lote lilikuwa limefika hapo, kwa mtu mmoja, kwa neno moja. Mwanawe alikuna shingo.

"Tutaona mwezi ujao, Baba," alisema.

Dada alikuwa ameketi kitandani muda wote, mikono juu ya fimbo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Sasa aliuliza yeye.

"Hicho kidude kitanisikia?"

"Kitakuona, Shangazi," mkwewe alisema kwa upole. "Mchana na usiku."

"Nimeuliza kama kitanisikia. Nikiita, kitaitika?"

Fundi ndiye aliyejibu. "Hapana, bibi. Aina hii ni ya picha tu."

"Miaka ishirini na tisa," Dada alisema, "niliwasikiliza watu bila kuwaona. Hakuna aliyeniita nikanyamaza. Ninyi mnataka mnione bila kunisikiliza. Hicho kitoe humu."

Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti ya ubaoni. Fundi alianza kurudisha kamera kwenye boksi lake. Alisema yeye hamwekei mtu kitu asichokitaka chumbani kwake, na kama ni suala la malipo ya safari, basi wazungumze na kampuni. Mkwewe alitoka nje akifuta macho. Mwanawe alibaki amesimama, kiganja mfukoni, juu ya simu yake.

Nguzo aliingia nyumba kubwa, akaenda chumbani kwake, akafungua parafujo za kitanda moja baada ya moja kwa bisibisi yake ya kazi. Alitoa ubao wa kichwani, akaubeba mwenyewe, akavuka jikoni nao, hatua ishirini na tano.

"Baba, unafanya nini?" mwanawe aliuliza uani.

"Napunguza vitu nyumbani. Si ndiyo kazi ya wiki hii?"

"Baba, tafadhali. Watu watasema nimekufukuza."

"Watakuwa wamekosea kidogo tu."

Alirudi kuchukua ubao wa miguuni pamoja na mbao za ubavu na chaga. Safari ya tatu, ya godoro, pumzi ilianza kumpiga chenga, na mwanawe akashika upande wa pili bila kuambiwa. Walilibeba mpaka uani. Nguzo hakushukuru. Mkwewe alisimama mlangoni mwa jikoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba chumba chake kitabaki kitupu.

"Kitakuwa safi," Nguzo alisema akipita. "Hakuna kitakachoonekana ukutani."

Ndani, Dada alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kitanda chake, anafuata kwa masikio kila kitu kilichoingia.

"Nani amesema napokea mpangaji?"

"Sijaomba kupokelewa."

"Unakoroma. Ulikuwa unakoroma hata juu ya nguzo, nilikuwa nakusikia kwenye waya."

"Nitalala upande wa dirisha."

"Upande wa dirisha kuna redio yangu."

"Redio itahama."

"Redio haihami. Utahama wewe."

Kitanda kiliwekwa karibu na mlango. Nguzo alikaza parafujo za mwisho akiwa amepiga magoti, na vidole visivyo na alama vikazipata zote bila kutazama. Alipomaliza alikaa juu ya godoro. Kati yake na dada yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita ubavu. Sauti isiyo na haraka ilimwambia kwamba amekaa juu ya shali yake.

Mwanawe alikuwa bado kizingitini, ana vumbi la godoro kwenye shati.

"Kuna kitu mnahitaji?" aliuliza.

Nguzo alilala chali, akaegemeza mkono juu ya macho.

"Funga huo mlango," alisema. "Upepo unaingia."